Ubeti wa Kiajemi Siku ya Idi

Mzee Haidari alipofariki, Majengo ya Pumwani ilibaki na mtu mmoja tu aliyejua mashairi ya Kiajemi, naye ni bintiye Muhiba. Babu yake Muhiba alikuwa Mbaluchi, askari wa Sultani huko Mombasa, na lugha hiyo ilishuka kwa Mzee Haidari, kisha kwa Muhiba, aliyeachwa na mumewe bila mtoto akarudi kwa baba. Wadogo zake, Saad na Hamidi, hawakuitaka; walisema ni lugha ya wafu. Basi jioni walikaa ukumbini baba na binti, huyu akianza ubeti, yule akiumalizia. Sasa Muhiba alianza mwenyewe na kumaliza mwenyewe, huku akichagua mchele.

"Mama, unaongea na nani?" Norah, mpangaji wake kutoka Maragoli, alimwuliza siku moja.

Muhiba akacheka kidogo, akapepeta.

Upweke huo angeuvumilia, lau ndugu zake wangekuwa wanasemezana. Mzee alikata roho asubuhi, miaka ile ya Emajensi, hali ya hatari ya wakoloni, askari wamejaa kila njia panda. Hamidi, mshona ndara za matairi pale Kariokor, alikuwa Machakos kutafuta mipira ya kukata. Saad, karani wa reli, hakumngoja. Maiti haikai, alisema, na kafyu haina huruma. Baba akazikwa baada ya adhuhuri. Hamidi alifika alasiri, vumbi mpaka kwenye kope, akakuta jeneza limesharudishwa msikitini. Uso wa baba yake hakuuona. Tangu hapo Hamidi hakumwita tena Saad kaka.

Idi ilipofika, Muhiba aliwaalika wote wawili, bila kumwambia huyu kwamba na yule anakuja. Alipika pilau ya nyama ya Soko la Burma, akaitandaza katika sinia moja. Wakakutana mlangoni. Kwa kumwonea haya dada yao hawakurudi nyuma. Waliketi, mmoja kulia, mmoja kushoto, kila mkono ukichota upande wake, katikati pilau ikabaki kama kilima.

"Nataka mnisikilize," Muhiba akasema. "Huu ubeti baba aliupenda kuliko zote."

Akausoma kwa Kiajemi, kwa ile sauti ya kuvuta ya baba yao, na wale wanaume wakainamisha vichwa. Saad akatoa leso. Hata Hamidi macho yalimwiva.

"Maana yake nini, dada?" Hamidi akauliza.

"Unasema, upanga uliolala alani usiuite amani. Amani ni siku mwenye upanga anapousahau alikouweka."

Nje watoto walikuwa wakipuliza vipenga vya Idi. Muhiba akaona kama baba ameingia na kuketi nao.

"Maneno mazito," Saad akasema, akimtazama Muhiba, si mwingine. "Natumaini mwenyewe amesikia. Kuna watu hulala na panga zao kifuani mwaka mzima."

"Mwenyewe?" Hamidi akaweka chini tonge. "Baba alikuwa anakusema wewe! Nani aliyechomoa upanga kwanza? Mtu anayemfukia mzazi kama anayekimbilia treni!"

"Ulitaka tumzike gizani, tupigwe risasi makaburini?"

"Nilitaka mningoje kwa saa mbili tu, Saad. Saa mbili!"

"Jamani," Muhiba akasema. "Jamani, shairi..."

Lakini shairi kila mmoja alikuwa keshalichukua, akampigia nalo mwenzake. Hamidi alitokea mlango wa mbele, Saad akapitia uani. Muhiba akabaki na sinia. Alimwita Norah, wakala pamoja.

Baada ya miezi michache Saad akahamishiwa Kisumu. Muhiba alikwenda Kariokor kumwambia Hamidi siku ya safari. Siku yenyewe alimsindikiza Saad hadi stesheni, akiangalia nyuma mara kwa mara. Hamidi hakutokea.

"Mwambie..." Saad akaanza, mguu mmoja uko ndani ya behewa. Kisha akatikisa kichwa. "Basi. Usimwambie kitu."

Treni ilipoondoka Muhiba hakuelekea nyumbani. Alishika njia ya Kariokor. Alimkuta Hamidi ameinama juu ya tairi, kisu kinakwaruza katika mpira.

"Ameondoka?" akauliza bila kuinua macho.

"Ameondoka."

Hamidi akakata soli nzima, akaipima kwenye kiganja, akaitupa pembeni kwenye zilizoharibika.

"Alibeba blanketi? Treni ikifika Londiani usiku, baridi ya pale inaingia mpaka kwenye mfupa. Na yeye kifua chake tangu utotoni..."

Muhiba alikumbuka masanduku mawili na kikapu, blanketi hakuliona.

"Alibeba," akasema.

Hamidi akaitikia kwa kichwa, akavuta tairi jingine. Muhiba alikaa kwenye benchi lake kidogo, ubeti wa baba ukimjia mdomoni, akaumeza. Kisha akajifunga buibui lake vizuri, akaaga, akarudi Majengo kabla ya kafyu, kwenye nyumba ambamo hakuna wa damu yake aliyemngoja.