Mwoga wa Honora Dorgan

Nyapara Strickler hakuwa mtu wa maswali mengi. Mwanamume akifika yadi ya reli ya Harlan's Gap kuomba kazi ya kufunga mabehewa, Strickler alimwambia neno moja tu: "Mikono." Ukiwa na vidole kumi, wewe ni mgeni wa kazi, nenda kabebe mataruma. Ukiwa na pengo moja au mawili, basi umeshasimama kati ya behewa na behewa, umeshainua ile pete ndefu ya chuma kwa mkono huku behewa la pili likikujia, ukaichomeka mahali pake, ukatia pini, na ukabaki hai. Pengo ndilo lilikuwa cheti. Siku zile, kabla ya vita vya Kaskazini na Kusini mwa Amerika, wafungaji wengi katika milima ya Pennsylvania waliajiriwa hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Malachy Dorgan alipofika kutoka Ireland, na mke na njaa, alinyoosha mkono wa kushoto. Kidole cha shahada na jirani yake havikuwapo. "Anza kesho," Strickler akasema. Malachy hakudanganya. Hakuulizwa, naye akafunga mdomo, na wewe ungekuwa yeye ungeufunga vilevile.

Vidole vile vilibaki Clare, kwao Ireland, kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, uani kwa baba yake Honora. Malachy alikuwa kibarua pale. Honora alipita na ndoo ya maziwa, Malachy akageuza shingo kumwangalia, na mashine haikumngoja amalize kuangalia. Honora ndiye aliyemfunga mkono kwa aproni yake. Baadaye wakaoana, viazi vikaoza mashambani, wakapanda meli.

Siku ya kwanza yadini Malachy aliona mkono wa mtu ukisagwa. Alirudi nyumbani hana rangi usoni, akakaa mbele ya sahani ya kabichi asiiguse.

"Ninaogopa, Honora," akasema. "Ninaogopa mpaka magoti yananicheza."

"Vizuri," Honora akamjibu. "Endelea kuogopa. Sikuvuka bahari yote ile nije kuwa mjane wa watu. Chonga fimbo. Pete uiinue kwa fimbo, miguu yako ibaki nje ya mabehewa. Niapie."

Akamwapia kwa Bikira Maria na watakatifu wote aliowakumbuka. Akachonga fimbo ya mti mgumu, yenye kipande cha panda mwishoni, na tangu siku hiyo akawa anafunga mabehewa kwa fimbo.

Wenzake hawakutumia fimbo. Kwao fimbo ilikuwa ya ajuza na ya padri. Bartley Scully, ambaye sauti yake ilisikika kabla ya treni, aliwahi kumvunjia kijana mmoja fimbo yake gotini na kumwambia aende akasokote sufi na mama yake. Lakini Malachy hawakumgusa. Huyu, walisema, ameshatoa vidole viwili kwa reli, amelipa, mwacheni atembee na fimbo yake kama askofu. Malachy aliyasikia hayo akainamisha kichwa. Miaka sita ikapita namna hiyo. Wafungaji wengine walizikwa, wengine walirudi kwao na mkono mmoja. Malachy kila jioni alisukuma mlango, akaning'iniza kofia, akauliza kuna nini cha kula.

Honora ndiye aliyemwita mdogo wake, Festy, aje Amerika. Hilo nalo alilibeba moyoni baadaye. Festy alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mdomo hauna komeo, na alimpenda shemeji yake kupita kiasi. Wiki hiyohiyo ya kufika, Jumanne mchana, alikwenda yadini kumpelekea Malachy mkate na nyama ya nguruwe. Wanaume walikuwa wamekaa juu ya mataruma wanakula.

"Shemeji yako ni mtu mzito," Scully alimwambia. "Vidole viwili! Alivipoteza reli gani kule kwenu?"

"Reli?" Festy akaangua kicheko. "Reli gani, kaka? Hivi vililiwa na mashine ya majani! Dada yangu kapita na maziwa, bwana huyu kakodoa macho, kratch! Ng'ombe wetu walikula majani yenye nyama siku ile!"

Alikuwa anamsifu. Kwao Clare kisa hicho kilisimuliwa harusini, na watu wakafuta machozi kwa kucheka. Festy alitazama huku na huku akingoja watu wafute machozi.

Walicheka, lakini si kicheko cha harusini. Scully alisimama, akavua kofia, akainama mbele ya Malachy. "Shikamoo, Bwana Majani!" Mwingine akalia kama ng'ombe. Hata Strickler alitabasamu, jambo la nadra. "Kumbe reli haijala kidole chako hata kimoja, Dorgan," akasema, "na fimbo bado unabeba." Hakumfukuza. Mabehewa yalikuwa yanafungwa, hilo tu ndilo alilolijali.

Malachy alikula mkate wake mpaka ukaisha. Kisha akaenda kazini, na fimbo akaiacha imeegemea mataruma. Alipoingia kati ya mabehewa kwa mara ya kwanza mikono mitupu na kutoka mzima, walimpigia makofi. Scully alimpa tumbaku. Mtu anayesema makofi si kitu hajawahi kuitwa ng'ombe mbele ya watu.

Honora alijua jioni hiyohiyo, kwa sababu Malachy alirudi ametakata uso, anaimba.

"Fimbo iko wapi?"

"Ipo yadini."

"Malachy, nitazame. Fimbo iko wapi?"

Festy, kwenye kiti cha pembeni, alianza kujikuna kichwa. Ndipo yakatoka yote, mashine, maziwa, makofi. Honora alimtazama mdogo wake, kisha akamgeuzia mgongo.

"Waache wacheke," alimwambia mumewe. "Kicheko kimevunja mbavu za nani? Hao wakicheka, wewe rudi nyumbani."

"Wewe huwi nao kutwa nzima, mke wangu."

"Uliniapia."

"Niliapa nikiwa mgeni. Sasa ninaijua kazi." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nimechoka kuwa mtu wa kuonewa huruma kwa jambo lisilo la kweli, Honora. Acha niwe kama wenzangu."

"Wenzako wako makaburini!"

Alimsihi, akamfokea, mwisho akalia. Malachy hakuwa na moyo mgumu, akasema basi, Jumatatu atarudia fimbo, wiki hii aimalizie hivihivi ili wasiseme mke kamkataza. Honora akalikubali hilo. Alilikubali kwa kuwa alikuwa amechoka, na kwa kuwa Jumatatu haikuwa mbali.

Ijumaa asubuhi yalikuja mabehewa mawili yasiyolingana kimo. Pete ikapita juu ya tundu lake, vyuma vikapishana, na Malachy alikuwa katikati. Scully alikuwa wa kwanza kumfikia. Walimleta nyumbani juu ya mlango waliouong'oa kwenye kibanda cha zana.

Jioni nyumba ilijaa. Kwa desturi ya kwao, saa ilisimamishwa, kioo kikafunikwa, sahani ya tumbaku na viko vya udongo vikawekwa mezani karibu na maiti. Wanaume wa yadi walikuja wameoga, wakapiga magoti, wakasali, kisha wakakaa na kuanza kusema mazuri, kama ilivyo desturi.

"Alikufa kiume," Scully alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Mkono mtupu. Hakuna atakayemwita Majani tena."

"Jasiri," wenzake wakasema.

Bibi Peig Considine, aliyewaombolezea maiti wote wa mtaa ule, aliketi upande wa kichwa cha Malachy, akaanza kuyumba na kuimba kama wanaume wale walivyomwambia. "Ee Malachy, simba wa reli, usiyejua hofu..." Watu wakavuta pumzi kuitikia.

"Nyamaza, Bibi Peig," Honora akasema. "Nisamehe, lakini nyamaza. Huyo simjui. Huyu ni wangu, nitamlilia mwenyewe."

Akashika ule mkono wa kushoto, akaimba kwa sauti iliyokwaruza.

"Ee Malachy, mwoga wangu. Ulikuwa unatetemeka magoti, na magoti hayo yalikuleta nyumbani. Uliogopa jua la Jumatatu, uliogopa mvua ya Jumanne, na kila jioni ulisukuma mlango ukaniuliza kuna nini cha kula. Mwoga wangu alinilisha miaka sita. Jasiri ameishi nami siku nne."

Scully alitoa kiko mdomoni. Festy, kule mlangoni, alijifunika uso kwa kofia.

"Mmemsifu," Honora akawaimbia, akiwageukia mmoja mmoja, "mkampigia makofi, mkaniletea shujaa wenu juu ya mlango. Mchukueni, ni wenu. Nirudishieni mwoga wangu."

Wanaume walitazama sakafu. Maombolezo hayaachwi bila kuitikiwa, kwa hiyo Bibi Peig aliitikia, na wanawake wakamfuata.