Shati la Fundi Viatu

"Wewe mwenzangu, machozi yako huwa unayaanika wapi?"

Aliyeuliza hivyo, zamani, ni jirani wa mlango wa pili, muuza mkaa. Ni mwaka ule jirani yake, dobi, alipomzika mtoto wake wa pili, na kesho yake akaonekana kwenye karai, mapovu hadi viwikoni. Dobi akamjibu, "Kwenye kamba za watu, shoga. Kwangu hakuna nafasi." Wakacheka wote wawili, na tangu hapo mtaa mzima ukambandika jina: Mama Chuma.

Chuma hakizaliwi chuma, kinapita motoni kwanza. Mama yake alifariki yeye akiwa bado na pengo la meno ya mbele. Akalelewa kwa mjomba, na mke wa mjomba alikuwa na mdomo usio na breki. "Machozi hayaoshi sahani," ndiyo ilikuwa salamu yake. Jioni ile ile ya maziko alimtupia mtoto gauni la marehemu na kipande cha sabuni. "Fua. Sitaki maradhi nyumbani kwangu." Mtoto akafua. Akagundua kwamba mikono ikiwa na kazi, moyo hunyamaza kidogo. Mungu akimtwisha mja wake mzigo, humpa na ngata ya kuuwekea kichwani. Ngata ya mtoto huyu ilikuwa karai.

Ila gauni lilipokauka akalinusa, mama hakuwemo tena.

Ndiyo maana, hata alipokuwa mtu mzima na kazi yake, alikuwa na mazoea yaliyowachekesha wateja. Kila akifungua furushi la nguo, kabla ya kuloweka, alilipeleka puani. "Naangalia madoa," alisema. Mumewe, fundi viatu, alijua kwamba madoa hayaangaliwi kwa pua. Hakumwumbua hata siku moja. Alimtania tu wakiwa wawili: "Leo umempata?"

"Bado, baba watoto. Labda kesho."

Sasa fundi viatu naye ametangulia mbele ya haki. Asubuhi iliyofuata maziko, wageni wakiwa bado wanakunja magodoro, Mama Chuma alisali, akajifunga kitambaa kichwani, akazoa mashuka, taulo, suruali, kila kilichokuwa chumbani, akafua. Akaanika. Moyo ukanyamaza kidogo, kama ulivyozoea.

Binti yake akatokea uani. Ni msusi, anaishi mji mwingine, na basi lake lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo hiyo. Mkoba tayari ulikuwa begani.

"Mama, naomba kitu kimoja tu niondoke nacho. Lile shati la baba la kazini, la buluu. Lile lenye harufu ya gundi na ngozi, na tumbaku yake aliyodhani hatuijui."

Macho ya binti yakaifuata kamba, nguo kwa nguo, mpaka yakalifikia shati. Limebanwa mabegani, linachuruzika.

"Umelifua."

"Mwanangu..."

"Umemfua, Mama? Umemfua baba, kaburi halijakauka udongo?" Sauti ilipanda. "Watu wanakusifia, Mama Chuma, Mama Chuma. Chuma kinampenda nani? Mimi nilikuwa nakuja hapa kwa ajili ya yule mzee. Sasa nije kunusa nini? Sabuni?"

Muuza mkaa, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, ghafla akaona chai yake inahitaji sukari, akarudi ndani.

Mama Chuma akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sikulinusa," alisema. "Nguo za watu wote nazinusa, namtafuta mama yangu humo. Ya kwake niliifua mwenyewe siku tuliyomzika, maana niliamrishwa. Leo nani kaniamrisha? Mikono imekwenda yenyewe, mwanangu. Nilikuwa na mtu wangu mzima mzima ndani ya lile shati, nikammwaga mtaroni."

Aliyatafuta machozi, hayakuja. Mikono ndiyo ilibaki mapajani, haina pa kushika.

Binti akaiendea kamba, akachomoa vibanio, akazamisha uso wake kolani na kuvuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Lina harufu yako," alisema.

Kama ilikuwa lawama au si lawama, Mama Chuma hakuweza kujua. Alisema tu kile alichokiweza: "Halijakauka, mama. Utaumwa kifua, na mabasi yenyewe yale madirisha hayafungiki."

Binti akalivaa hivyo hivyo juu ya gauni lake, maji yakimtiririka mpaka magotini. Akalifunga vifungo hadi cha shingoni, akaurudisha mkoba begani, akatoka kuliwahi basi.