Kilo Sita za Marehemu

Jumanne saa nne asubuhi, dobi wa wodi ya wazazi alikuwa akijaza mashuka kwenye mashine ya pili alipoletewa habari kwamba mdogo wake, aliyejifungua alfajiri, bado anavuja damu. Alifuta mikono akatoka. Utaratibu aliujua. Damu ilikuwepo kwenye jokofu, ila haikutoka mpaka ndugu wa mgonjwa wachangie kwanza.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikuwa amemtangulia chumba cha damu, akakataliwa kwa sababu alimaliza dawa za malaria wiki iliyopita tu. Alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, macho sakafuni. Dobi akavua kandambili, akapanda mizani. Kilo arobaini na sita.

"Tunaanzia hamsini, dada," nesi wa damu akamwambia. "Ni kwa usalama wako."

Dobi hakushuka kwenye mizani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akibeba matenga ya mashuka mabichi yaliyomzidi uzito, na hakuna aliyewahi kumpima kabla ya kumtwisha.

Mama yao akaingia wakati huo. Alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, katika wodi hiyohiyo, na bado alikuwa amejifunga shuka lenye muhuri wa hospitali. Alijibana nyuma ya binti yake, akapanda naye. Mshale ukasogea hadi hamsini na mbili.

Nesi akauliza marehemu huyo ni nani wake. Alipoambiwa ni mama mzazi, akaandika hamsini na mbili, akasema kwa kuwa wamepimwa wawili, maswali nayo watajibu wawili. Umri wa mama ulifaa, maana hata ukihesabu na miaka ya kaburini alikuwa hajavuka sitini na tano. Kisukari hana, presha hana. Alipoulizwa kama amelala vya kutosha, alijibu kwamba hapo hana lalamiko.

"Umewahi kuongezewa damu?"

"Hapana," mama akasema. "Niliingoja."

Nesi akatia alama kwenye hapana. Fomu haikuwa na nafasi ya kungoja.

Mfuko ulijaa kwa dakika tisa. Dobi akapewa soda na biskuti, akaziacha mezani, akarudi wodini kushika mkono wa mdogo wake uliokuwa umeanza kupoa. Wakasubiri. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, mfuko haukufika. Alipokwenda kuuliza, mtunza jokofu alifungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye mistari, akamweleza kwa upole kwamba mfuko ulipanda ghorofani, kwenye vyumba vya wakubwa. Baba mkwe wa mkurugenzi angepasuliwa goti Alhamisi, na daktari wake alitaka mifuko mitatu ya akiba. Mifuko ya kundi hilo la damu haikubaki hata mmoja.

"Mdogo wangu anakufa hapo chini," dobi akasema, "na wewe unanitajia akiba ya goti?"

Mtunza jokofu akajibu kwamba yeye anaandika tu. Dobi akaupiga mlango wa jokofu kwa kiganja, akaupiga tena, mpaka kiganja kikavimba. Jokofu likaendelea kunguruma.

Mdogo wake alikata roho saa nane. Shemeji alikabidhiwa mtoto na karatasi ya kusaini. Saa tisa mashuka ya kitanda kile yakashushwa kufuliwa, na dobi akayafua mwenyewe, kwa mikono, kwa maji ya baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu kwenye kitambaa.

Goti lilipasuliwa salama, pasipo kuhitaji tone. Mfuko ulikaa siku thelathini na tano, ukaisha muda wake, ukamwagwa.

Siku ya tatu baada ya maziko, mdogo wake alishuka chumba cha kufulia, akasimama kando ya mama, ambaye tangu siku ya mizani alikuwa hajaondoka, wakawa wanakamua mashuka watatu. Msimamizi alichungulia, akawahesabu, akaongeza mashuka ya siku kutoka mia na ishirini hadi mia mbili. Ukutani juu ya mizani kukabandikwa tangazo: marehemu wanaosindikiza wachangiaji wavue viatu.

Miezi minne baadaye simu ya dobi ikapokea ujumbe. "Ndugu mchangiaji, sasa unastahili kuchangia tena. Njoo na marehemu wako." Akaufuta.

Mchana huohuo ikasikika kutoka chumba cha damu sauti ya mwanamke fulani, fundi cherehani, mwembamba kama dobi, akimbembeleza nesi. Mumewe alikuwa amelazwa kwenye meza ya upasuaji, tumbo wazi. Mama na mdogo wake wakakung'uta maji mikononi.

"Msiende," dobi akawaambia. "Mnajua damu yake itakakopelekwa."

"Tunajua, dada," mdogo wake akasema. "Lakini mumewe ndiye huyo yuko mezani."

Wakaenda, wakasimama nyuma ya yule fundi, na mizani ikakubali. Mfuko ukajaa. Nesi akauandika, akamkabidhi mhudumu, naye akashika ngazi za kwenda juu.