Jiwe la Chumvi la Ng'ombe

Hapa kijijini wananiita tajiri. Waite watakavyo. Nina ng'ombe hamsini na wawili, na kumi na wawili kati yao sitaki hata kuwatazama. Nimechoka kusikia watu wakisema Limi alinikimbia kwa kiburi. Limi hakuwa na kiburi. Mwenye kiburi nilikuwa mimi, Jilala, mume wake.

Ulikuwa mwaka themanini na tatu, chumvi ilipoadimika nchi nzima. Limi alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza baada ya miaka mitano ya kusemwa na mama yangu. Kila usiku msuli wa kigimbi ulimkaza. Alikuwa akiamka ameuma kanga, ameshika mguu, ananiomba niuvute na kumkunja vidole. Siku za kwanza niliuvuta. Baadaye nikawa nageukia ukutani. Nikamwambia kwamba mama yangu alizaa watoto tisa na hakuwahi kumwamsha mtu.

Euphrasia, nesi wa zahanati, alimpima akasema mwili umepungukiwa madini. Vidonge vya kalsiamu vilikuwa vimemwishia, kwa hiyo aliniandikia jina la dawa kwenye karatasi nikavitafute mjini Shinyanga.

Nikaenda kwa baiskeli. Kweli nilikwenda. Lakini kabla ya kufika duka la dawa nikapita kwa bwana mifugo, nikakuta amepokea mawe ya chumvi ya ng'ombe, yale mekundu yenye madini ya kila aina. Foleni ilikuwa ndefu, nami nikapanga mpaka alasiri. Nilipopata langu nikalifunga kwenye keria, nikarudi nyumbani naimba. Karatasi ya nesi ilibaki mfukoni. Limi aliliangalia lile jiwe, akanipa pole ya safari, akaenda kusonga ugali.

Siku kama kumi baadaye niliamka usiku nikakuta upande wake wa kitanda mtupu. Nikasikia ng'ombe wanasogeasogea zizini, nikachukua fimbo nikidhani fisi. Kumbe ni mke wangu. Amepiga magoti kwenye samadi, na tumbo lile, amelikumbatia jiwe analilamba.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashikilia mlango wa zizi. Alifuta mdomo, akaniambia mguu umemshinda, akaniomba nisimwambie mtu. Nikasema sawa.

Jumamosi, kwenye pombe, nikamwambia mtu. Niliwaambia wote, tena kwa kuwaigizia na ulimi nje. Stanslaus, manju wa ngoma yetu, alikuwepo, na manju hana dogo. Wiki tatu baadaye, ngoma za mavuno zilipokutana, kikundi chake kilitoka na wimbo mpya: mke wa Jilala amegeuka mtamba, mfungulieni zizi. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Limi alikuwa katikati ya wanawake, mikono juu ya tumbo, wala hakulia. Asubuhi alifagia uwanja, akateka maji akajaza mtungi, kisha akapanda lori lililokuwa linaelekea Runzewe, kwa kaka yake Valerian.

Nikasema atarudi mwenyewe. Mwezi mzima nikasema hivyo, huku nyumba imenishinda. Usiku nilikuwa nauamkia mguu ambao haupo. Mwisho nikatafuta vile vidonge, nikavipata Isaka pamoja na paketi ya chumvi, nikamfuata kumrudisha yeye na mtoto.

Nilikuta amejifungua mtoto wa kiume. Alinipokea kwa magoti kama zamani, akaninawisha, akanipakulia. Nikamwomba msamaha mbele ya kaka yake, nikamwekea vidonge na chumvi juu ya mkeka. Hakuvigusa. Akaniita kwa jina la baba yangu, kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao.

"Ng'wana Masele, mguu uliacha kuuma nilipojifungua. Hata usingeacha, ningeuvumilia. Lakini nilikuomba, ukaniambia sawa."

Nilimpakata mwanangu kidogo tu. Akalia, wakamchukua.

Wiki mbili baadaye Valerian alileta ng'ombe wa mahari. Kwa desturi yetu, ndoa ikivunjika na mtoto amezaliwa, upande wa mke huzuia baadhi ya ng'ombe, na mtoto anabaki kuwa wa baba yake. Wakirudi wote, mtoto si wako tena. Nilisimama mlangoni mwa zizi nikiwahesabu, naomba apungue hata ndama. Nikahesabu mara tatu. Walikuwa kumi na wawili, wote. Valerian akaniaga kwa adabu, akaondoka. Ng'ombe wakaingia, wakaenda moja kwa moja kwenye jiwe, wakaanza kulamba.