Tangi la Haidrojeni Nyuma ya Baa ya Mzee Konrad

Walburga Ebenhack alikuwa na shahada tatu za kemia na baba mmoja, na huyo baba ndiye aliyemtoa jasho.

Mzee Konrad alikuwa mpika bia katika kijiji kimoja cha Frankonia, Ujerumani. Wanakijiji walipokutana kwenye baa yake kujadili tangi la haidrojeni ambalo binti yake alitaka kulijenga nyuma ya baa, alisimama na kikombe mkononi, akanguruma, "Huyu mtoto anataka kuturusha mbinguni sote! Na padri wetu mwenyewe hajawa tayari!"

Watu wakacheka. Padri akapiga funda.

"Baba, acha hizo," akasema Walburga. "Haidrojeni haikai humo kama hewa kwenye puto. Kuna mafuta maalumu yanayoimeza, tunayabeba kwa lori kama dizeli. Yakifika yanapashwa moto, yanaitapika. Kisha yanarudi kumeza tena."

"Kama mjomba wako Ottmar na bia yangu!"

Baa nzima ikaangua kicheko, Ottmar mwenyewe akiongoza. Walburga, masikio yamemwiva, akatoa mkobani chupa ya mafuta yale, akayamimina kwenye sahani ya soseji, akawasha kiberiti, akakitumbukiza. Waliokaa mbele wakajitupa chini ya meza. Kiberiti kikalia chwii, kikazimika.

"Hata mkojo wa ng'ombe unazima kiberiti," akasema Mzee Konrad, "na hatuujengei tangi."

Walburga akaanza kufunga mkoba wake. "Wala moto si tatizo langu," akafoka. "Tatizo ni joto. Mafuta yakiwa yanameza haidrojeni yanachemka kama tanuri, na sijui hilo joto nitalitupa wapi!"

Mzee akashusha kikombe taratibu. "Joto gani?"

"Joto tu, Baba. La bure."

"Linaweza kuchemsha pipa langu la bia?"

"Mapipa yote uliyo nayo."

Mzee Konrad, ambaye kila asubuhi alilaani bei ya gesi kabla hajasali, akawageukia wenzake. "Jamani, mbona mnampinga mwanangu? Huyu ni msomi!"

Mikono ikapanda kukubali tangi. Ottmar alipandisha yote miwili. Walburga hakujua acheke au ampige babaye na ile sahani.

Tangi likajengwa. Sasa mzee huwaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo, na Walburga, akiwa pale, humwacha amalize, kisha humsogezea kikombe kitupu.

"Jaza, profesa."