Taulo Chini ya Mlango

Watu wanne waliugua ugonjwa mmoja: poti iliyozeeka. Poti ni ule mvinyo mtamu, mzito, unaotiwa pombe kali ungali na sukari yake, kisha unaachwa miaka na miaka kwenye pipa au chupani mpaka usahau kama uliwahi kuwa zabibu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, walikutana ghorofani kwa Fundi Meno, mtengeneza meno ya bandia, kwa sababu moja tu: pale palikuwa na masinki ya kutemea.

"Hapa mtu akitema hakuna anayemtazama vibaya," Fundi Meno alipenda kusema. "Ndiyo kazi ya chumba."

Wa pili alikuwa Mama Kufuli, mchonga funguo, mwanamke mwenye mikono ya mfua vyuma na ulimi uliochongwa kwenye mashine yake ya funguo. Wa tatu alikuwa karani wa stoo ya mbao. Huyu wote walimwita Shemeji, kwa kuwa dada yake ndiye mke wa yule wa nne. Na wa nne alikuwa fundi wa gesi, na jina lake lilikuwa Pua.

Jina hilo hakulipata bure. Pua alikuwa mtu wa kusimama mlangoni kwa mteja, kofia mkononi, akasema, "Ni jikoni, kiungo cha pili nyuma ya kabati," na ukienda unakikuta kinavuja. Kwenye poti ilikuwa vivyo hivyo. Ungemfumba macho angekuambia hii imelala pipani, ile chupani, na ile nyingine mwenyewe aliiweka karibu na jua, mjinga yule.

Jumamosi hii Pua alikuwa na wiki ya tano hasikii harufu yoyote.

Mafua yalikuja, mafua yakaondoka, na pua yake yakaondoka nayo. Kahawa, sabuni, shingo ya mkewe, vyote vilikuwa hewa tupu. Hakumwambia mtu. Fundi wa gesi asiyesikia harufu ni mtu mwenye spana tu, na spana hata mtaani zinauzwa. Jumanne alikuwa kwa bibi mmoja, akakagua, akamwambia hakuna kitu, akaanza kufunga mkoba. Yule bibi akakunja uso. "Mbona kunanuka hivi, baba?" Pua akapaka povu la sabuni kwenye kiungo, na povu likachemka mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo akila hashibi, akilala anashtuka. Lakini Jumatano alikwenda kazini kama kawaida.

"Haya, glasi ya kwanza na ya pili," alisema Fundi Meno. "Moja ina miaka ishirini pipani, moja arobaini. Nuseni mara tatu, andikeni, midomo imefungwa."

Pua akainua glasi zake. Ya kushoto bado ilikuwa na wekundu kidogo. Ya kulia ilikuwa imepauka, rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Pipa hula rangi, hilo halihitaji pua. Akaonja, ulimini akapata utamu na ukali wa pombe, basi, kama mtu anayesikiliza muziki kupitia ukuta. Akaandika.

"Soma, shemeji," alisema Shemeji.

"Ya kulia ndiyo arobaini. Njugu, ganda la chungwa kavu, asali iliyoungua kidogo."

Mama Kufuli akaweka kalamu chini. "Hayo maneno uliyasema mwezi wa tatu. Neno kwa neno."

"Mvinyo ule ule, maneno yale yale. Ulitaka nitunge shairi?"

"Na tangu lini unanusa kwa macho? Umeitazama kwenye mwanga kabla hujaifikisha puani. Wewe ulikuwa unatucheka sisi tukifanya hivyo."

"Mwache shemeji yangu," Shemeji akacheka. "Uzee huo. Anahitaji miwani ya pua."

Wakacheka wote. Pua naye akacheka, jasho likimtambaa mgongoni.

Kisha Shemeji akaitoa chupa yake. Ilikuwa nyeusi, imevaa vumbi, imezaliwa mwaka mmoja na yeye mwenyewe: miaka hamsini na mmoja. Alikuwa ameilaza siku zote hizo na kuibeba leo kama kitoto kichanga, maana chini ya chupa ya namna hiyo hukaa mashapo, na ukiyatibua umekunywa matope. Kizibo cha umri ule hakivutwi. Kinasagika kama keki. Kwa hiyo huchukuliwa koleo, likapashwa moto mpaka liwe jekundu, likabana shingo ya chupa kwa dakika moja, halafu unazungushia kitambaa cha maji baridi. Kioo kinakatika chenyewe, safi. Koleo Mama Kufuli alilifua kwa mkono wake. Kulipasha moto ilikuwa kazi ya Pua, kwani moto ulikuwa wa gesi.

"Nimekuwekea kila kitu karakana," alisema Fundi Meno, akionyesha mlango wa chumba cha nyuma. "Asubuhi nilikuwa nachemsha nta, na sikutaka harufu yake iwaharibie pua. Kwa hiyo mlango nimeuziba taulo chini tangu saa sita. Madirisha nayo nimefunga, huko chini wanamwaga lami. Ukiingia, rudisha mlango haraka."

Pua akasogeza taulo kwa mguu, akaingia, akafunga.

Chumba kilikuwa kidogo, na mwanga wa mchana ulitosha. Ukutani rafu tatu za meno ya plasta zilikuwa zinamchekea. Juu ya meza kulikuwa na jiko la gesi la kichwa kimoja, mpira wake ukishuka hadi kwenye mtungi sakafuni. Koleo lilikuwa kando, kiberiti juu ya koleo. Pua akatoa njiti, akaikwangua.

Njiti ikakatika kabla ya kuwaka. Kichwa chake kikaruka kikaangukia juu ya jiko.

Akainama kukiokota. Ndipo alipoona nta. Ilikuwa imefurika kutoka kwenye sufuria, ambayo sasa ilikuwa imewekwa kando, ikamwagika juu ya kichwa cha jiko na kuganda kama mshumaa uliolia. Moto ulikuwa umezimwa na nta, si na mtu; Fundi Meno alikuta hakuna mwali, akadhani amekwisha kuzima. Akatazama koki. Ilikuwa wazi.

Tangu saa sita. Saa mbili na zaidi.

Pua akavuta hewa kwa nguvu zote mpaka mbavu zikauma. Hakuna. Ilikuwa kama kunusa kioo. Huenda nta ilikuwa imeziba matundu na hakuna kilichotoka. Au huenda chumba kizima kilikuwa kimejaa. Gesi ya mtungi ni nzito, hutambaa chini, hujaa kama maji. Akatazama miguu yake. Imefika wapi? Magotini? Kiunoni? Mtu yeyote mwingine, hata mtoto mchanga, angejua. Yeye, Pua, hakujua.

Kisha akaona friji. Friji ndogo ya Fundi Meno, chini ya meza, imekaa sakafuni kabisa. Ilikuwa kimya. Na friji iliyonyamaza itawaka tena, yenyewe, itakapotaka, na inapowaka hutoa ule mlio mdogo, *tk*, na ndani ya mlio kuna cheche.

Akafunga koki kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa mgonjwa. Akafungua dirisha. Wazo likamjia, na lilikuwa tamu kuliko poti yoyote: kaa hapa dakika kumi, hewa ipite, kisha uwashe moto, utoke na koleo jekundu. Nani atajua? Lakini hizo dakika kumi nani atamwambia zimetosha? Nyuma ya mlango Shemeji alikuwa anacheka, na friji ilikuwa bado kimya.

Akatia kiberiti mfukoni, akafungua mlango.

"Tokeni. Shukeni chini wote. Msiguse swichi, msishike simu."

"Na koleo je?" aliuliza Shemeji.

"Gesi imefunguka humo. Tokeni!"

"Inanuka?" Fundi Meno akasimama.

"Sijui!" Sauti yake ikapasuka. "Sijui kama inanuka! Sisikii harufu. Wiki ya tano hii. Sisikii chochote!"

Hakuna aliyecheka. Mama Kufuli akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, glasi bado mkononi, akavuta pumzi. Uso wake ukabadilika rangi.

"Ee Mungu wangu. Shukeni. Shukeni!"

Walishuka ngazi kama magunia. Walivuka barabara, wakapita lami mbichi, wakasimama ukutani upande wa pili, wakitazama juu kwenye dirisha lililo wazi. Fundi Meno akakaa chini kwenye ukingo wa barabara.

"Taulo," alisema. "Nimeziba taulo ili mvinyo usiharibike."

"Pua tatu nzima," alisema Mama Kufuli, "zinajua pipa na chupa, na mauti yaliyo nyuma ya taulo hatuyasikii."

Shemeji alikuwa amekumbatia chupa. Alikuwa ameikwapua mezani na kukimbia nayo shingo chini. Akaitazama kwenye jua; ndani kulikuwa kumechafuka tope tupu. "Nimeitikisa kama dawa ya kikohozi," akasema, akaanza kucheka, kisha akaacha. Akamgeukia Pua.

"Wiki tano. Umefanya kazi nyumba ngapi?"

Pua akatoa daftari la kazi. Hakuhitaji kuhesabu, kila usiku alikuwa akizihesabu. "Kumi na moja. Na juzi nilibadilisha mtungi nyumbani."

Shemeji akatoa simu. Akapiga simu kwa dada yake, akamwambia afunge mtungi na atoke nje, maelezo baadaye. Alipokata simu, alisema, "Ukiwaambia hao kumi na moja, Jumatatu huna kazi."

"Najua."

Pua akaanza kupiga simu. Kila simu alisema yale yale: mimi fundi wa gesi, funga koki, fungua madirisha, usiwashe chochote, nilikagua kwako nikiwa siwezi kunusa. Mmoja alimtukania mama. Mmoja alilia. Yule bibi wa Jumanne alisema tu, "Nilijua, baba." Wanane walipokea. Wa tisa simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata.

"Ni wapi?" aliuliza Mama Kufuli.

"Mtaa wa nyuma. Mzee mmoja, anaishi peke yake."

Walikwenda mbio, wale wawili. Mlangoni Pua akanyoosha kidole kwenye kengele ya umeme, akakirudisha kama ameungua. Akagonga kwa ngumi. Kimya. Akagonga tena. Ndani nyayo zikaburuzika, komeo likavutwa, mlango ukafunguka kidogo.

Kwa mazoea ya miaka thelathini, Pua akainua pua yake. Hewa tupu. Akamtazama Mama Kufuli usoni. Yule mama alikuwa amefumba macho, anavuta pumzi ndefu, na Pua akahisi moyo wake umesimama kungoja mdomo ule ufunguke.

"Vitunguu," alisema Mama Kufuli. "Anakaanga vitunguu tu."

Mzee alisimama na mwiko mkononi, akiwashangaa. "Fundi? Simu niliisikia, lakini mafuta yalikuwa motoni."

Pua akavua kofia.

"Zima jiko, mzee wangu," alisema. "Kisha njoo hapa nje. Nina jambo la kukuambia, na zimebaki nyumba mbili."