Stika Nyekundu

Mkuu wetu wa maabara alikwenda semina ya siku tano hotelini, akarudi na ubao. Watu wengine hurudi na kalamu na mkoba wa kitambaa. Yeye alirudi na ubao mweupe wa mita mbili, akaupigilia ukutani palipokuwa na orodha ya zamu, na orodha ya zamu akaihamishia nyuma ya mlango wa choo. Tangu siku hiyo tulimwita Bwana Vipaumbele, kwa sababu neno hilo halikumtoka mdomoni hata akipiga miayo.

"Jamani, sisi ni wataalamu," alituambia, "lakini tunafanya kazi kama kuku wanaodonoa. Mtu asiye na malengo yenye maana atakimbizana na chupa za damu mpaka anastaafu."

Nilijiuliza anadhani maabara ya hospitali ikimbizane na nini kingine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa pale. Chupa inaingia dirishani, jibu linatoka kabla mgonjwa hajazidiwa, basi. Lakini nilitikisa kichwa kukubali pamoja na wenzangu, na nikatikisa kwa nguvu kuliko wote. Sababu yake nitaisema.

Amri ilikuwa hivi: kila mmoja wetu, tisa kwa jumla, aandike malengo yake matatu kwenye kadi tatu na kuyabandika ubaoni. Kila Jumanne saa mbili asubuhi mlango ungefungwa saa nzima, tukae tusomeane. Ungesikia mambo. Karani wa dirishani aliandika kwamba ataamka saa kumi na moja na kunywa maji ya uvuguvugu. Fundi wa mashine ya damu, mtu ambaye hajawahi kurudisha koleo ya kuazima, aliandika "kuwa mtu bora". Bwana Vipaumbele mwenyewe aliandika kwamba ataacha alama katika taaluma, akapigia mstari mara mbili.

Halafu akaja na lile la stika. Pale kwetu sampuli ya mgonjwa mahututi hubandikwa stika nyekundu, na ikishabandikwa inaruka foleni yote. Zamani madaktari walikuwa wakiandika HARAKA kwa kalamu, na kwa kuwa kila daktari ana haraka, wakawa wanaandika hata kwenye mkojo wa mtu aliyekuja kupimwa ili aajiriwe. Neno likachakaa. Mimi ndiye niliyetoa wazo la stika, tena nikaweka sharti kwamba zikae kwetu ndani, abandike karani peke yake baada ya kusoma karatasi ya ombi. Bila stika, chupa inasubiri zamu yake.

Jumatatu moja stika zilikuwa zimebaki kwenye karatasi moja, thelathini, na stoo walisema nyingine zitakuja wiki ijayo. Bwana Vipaumbele akazichukua.

"Rangi inaamsha akili," alisema, akabandika moja kwa kila lengo. Tisa mara tatu, ishirini na saba. Tatu zilizobaki ziliisha kabla ya jioni.

Niliona kwa macho yangu mawili na sikusema neno. Ijumaa aliyorudi kutoka semina alikuwa ameniita ofisini, akaniambia anahamishwa mwisho wa mwaka, na kwamba jina atakalolipendekeza ndilo litakalokalia kiti chake. "Wewe dada ndiye jicho langu hapa," alisema. Kilemba cha ukoka hicho, nami nikakivaa mchana kweupe na kutembea nacho. Lengo langu la kwanza ubaoni lilikuwa: Kuwa mkuu wa maabara. Lilikuwa na stika yake nyekundu, na ilinipendeza.

Jumanne saa mbili tukafungiana. Karani naye alikuwa ndani kikaoni, kwa hiyo wauguzi waliacha chupa kwenye trei ya dirishani na kwenda zao. Nilikuwa nimesimama kusoma kadi zangu mlango ulipogongwa. Nikaufungua kidogo. Alikuwa Mama Deki, anayesafisha jengo letu tangu sijaajiriwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Samahani. Kuna kichupa cha mjukuu wangu hapo kwenye trei, maji ya uti wa mgongo. Daktari amesema kisikae."

"Tuko kikaoni, Mama. Tukitoka tu nakiangalia."

Hakubisha. Yeye si mtu wa kubishana na wataalamu. Nilifunga mlango, nikaendelea kusoma jinsi nitakavyokuwa kiongozi anayesikiliza watu.

Tulipotoka, mashine ya damu ilikuwa imekwama na simu za wodini zinalia mbili kwa mpigo. Karani akaniuliza, "Dada, stika zimeisha, hizi chupa za kwenye trei nizifanyeje?"

"Zipange kwa foleni," nikamjibu bila kugeuka.

Kichupa kile kilikuwa cha thelathini na nne. Kiliandikwa HARAKA kwa kalamu, kama vingine ishirini. Jibu lilitoka saa saba na dakika kumi mchana, kazi ya nusu saa. Daktari alikuwa amemwanzishia mtoto dawa ya kubahatisha. Dawa yenyewe iliyotakiwa ilikuwa inatusubiri sisi.

Msichana yule, wa miaka saba, aliishi. Lakini homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi, masikio yote mawili. Daktari alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba saa zile zingeyaokoa, na alisema huku akiangalia viatu vyake.

Bwana Vipaumbele aliandika ripoti. Ilisema kulitokea "changamoto ya mawasiliano". Kisha akaongeza kadi mpya ubaoni: Kuboresha huduma. Nyani haoni kundule, nilisema moyoni, na nilikuwa nimeshalisema kabla sijakumbuka nani alifunga mlango.

Mama Deki alirudi kazini baada ya wiki tatu. Ilikuwa Jumanne, tumekaa. Aliingia na ndoo yake, na Bwana Vipaumbele, huruma imempanda ghafla, akamnyooshea kadi tupu.

"Karibu, Mama. Andika na wewe lengo lako. Wewe ni mwenzetu."

Mama Deki aliiangalia ile kadi. Alifuta mikono kwenye aproni, akaenda moja kwa moja ubaoni, akaanza kubandua stika kwa ukucha. Hakuna aliyemzuia. Alizitoa moja moja, nyingine zikichanika, na kila aliyoitoa aliibandika kwenye kioo cha dirisha la kupokelea, mahali pake. Nyingi hazikushika tena, zikaanguka sakafuni. Aliziokota, akazibandika tena, akizikandamiza kwa kidole gumba.

Ilichukua muda mrefu. Mwishoni zilibaki tatu, kwenye kadi zangu. Alisoma ile ya kwanza polepole, midomo ikicheza, kisha akanigeukia.

"Hizi zako, mwanangu," alisema, "zibandue mwenyewe."

Akachukua ndoo yake, akaanza kupiga deki chini ya viti vyetu. Tukainua miguu.